Utetezi wa Majani ya Majini

Imezuka katika miji ya Afrika Mashariki itikadi moja juu ya tangi la kioo la kufugia samaki, nayo imekwisha kupata wafuasi wengi kuliko inavyostahili. Husema kwamba majani mabichi hayawezi kuishi ndani ya tangi ila kwa msaada wa mitambo: chupa ya chuma iliyoshindiliwa hewa ya ukaa, taa ya bei kubwa, pampu isiyonyamaza usiku wala mchana, udongo wa mfuko uliosafiri kwa meli, na mbolea ya matone itokayo ng'ambo. Aliye na fedha hununua vyote hivi. Asiye na fedha huambiwa kwamba jambo hili si la kadiri yake, akauziwa majani ya plastiki yenye rangi ya waridi na samawati, ambayo hayajapata kuota katika maji yoyote ya dunia hii. Wa kwanza amepoteza mali, wa pili amepoteza fursa. Na wote wawili hawajapata hata siku moja kuinama wakatazama bwawa lililo nyuma ya nyumba.

Itikadi hii haina budi kupingwa, wala si kwa sababu ya fedha tu. Kufuga samaki sebuleni ni anasa, na mwenye fedha zake ana ruhusa ya kuzitupa apendapo. Lakini tangi lenye majani si pambo peke yake. Ni chombo cha elimu; labda ni chombo rahisi kuliko vyote cha kumwonyesha mtoto namna jua, udongo, maji, mmea na mnyama wanavyotegemeana. Ikiaminiwa kwamba chombo hicho ni milki ya matajiri, shule haitajaribu kuwa nacho, na mwanafunzi ataendelea kujifunza usanidinuru ubaoni, kwa chaki, hali ziwa zima limelala mbele ya dirisha la darasa.

Kwanza na itazamwe asili ya jambo lenyewe, maana wengi hudhani kwamba tangi la majani lilizaliwa pamoja na umeme. Sivyo. Katika mwaka 1779 tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alitia majani mabichi katika maji akayaweka juani, akaona mapovu madogo yakipanda kutoka juu ya majani. Alipoyaweka gizani, mapovu yakakoma. Akathibitisha kwa majaribio mengi kwamba mmea huitengeneza upya hewa, na kwamba hauifanyi kazi hiyo bila nuru. Miaka 70 baadaye mkemia wa London, Robert Warington, aliitia elimu hiyo katika matumizi. Alitwaa chombo cha kioo, akaweka mchanga, mawe na maji, akapanda mmea uitwao Vallisneria, akatia samaki wawili wa dhahabu. Majani makuukuu yalipoanza kuoza na kuyachafua maji, hakununua pampu, kwa kuwa hapakuwa na pampu ya kununua. Alitia konokono, nao wakayala mabaki, na maji yakatakata. Habari hizo alizitangaza mbele ya wakemia wenzake mwaka 1850. Wakati huo hapakuwa na nyumba hata moja duniani iliyokuwa ikiwashwa taa ya umeme ya kutumiwa kila siku, wala duka la kuuza udongo wa mfuko.

Na Vallisneria ni nini? Ni mmea wenye majani marefu membamba kama utepe, usimamao chini ya maji ukiyumba kwa mawimbi kama ukindu uyumbavyo kwa upepo. Huota katika Ziwa Viktoria, huota katika Ziwa Tanganyika, huota katika Ziwa Nyasa. Basi tangi la kwanza la namna hii, lililosifiwa katika mji mkuu wa Waingereza, lilitegemea ndugu wa jani ambalo mvuvi wa Kigoma hulibandua wavuni mwake akalitupa ufukoni pasipo kuliangalia mara ya pili.

Itaulizwa: ikiwa hivyo ndivyo, mitambo ilitoka wapi? Ilitoka katika nchi zenye haja nayo. Wakati wa baridi kuu jua la London huwa mgeni wa saa nane tu kwa siku, na hata saa hizo nane limejifunika mawingu. Maji ya ndani ya nyumba hupoa hata samaki wa nchi za joto akafa. Afrika Mashariki, karibu na mstari wa ikweta, mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na pwani maji ya ndoo iliyoachwa barazani huwa vuguvugu pasipo moto. Taa na kipasha maji ni dawa za ugonjwa wa nchi zile. Si makosa ya Mzungu kuwa na dawa ya ugonjwa wake. Makosa ni ya muuzaji amleteaye dawa hiyo mtu wa Tanga asiyeugua, na ya mtu wa Tanga ainywaye. Mkazi wa nyanda za juu zenye baridi anaweza kuwa na udhuru wa kipasha maji. Udhuru wa taa hana, madhali ana dirisha.

Chupa ya hewa ya ukaa ina hoja nzito zaidi, na haifai kuikwepa. Ni kweli kwamba mmea ulio chini ya maji hupata taabu ya kuipata hewa hiyo, ambayo ndiyo chakula chake kikuu, kwa sababu ndani ya maji hewa husafiri polepole mno kuliko juu ya nchi kavu. Ni kweli pia kwamba ukiitia kwa chupa, majani hukua kwa kasi ya ajabu, na yale mekundu huiva rangi yake. Lakini hewa ya ukaa haitoki katika chuma tu. Hutoka katika udongo. Ndani ya udongo wa shamba mna mabaki ya majani na mizizi, na bakteria wayalao mabaki hayo hutoa hewa hiyo hiyo, kidogo kidogo, mchana na usiku, bila vali wala saa ya kupimia. Samaki naye huitoa katika pumzi yake. Mwanamke Mmarekani, Diana Walstad, alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya elimu ya mazingira ya tangi la majani: udongo wa kawaida chini, changarawe juu, nuru ya dirisha, majani mengi na samaki wachache. Alionyesha zaidi ya hayo kwamba mimea mingi ya majini huipenda amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuliko naitreti. Kwa hiyo majani yenyewe ndiyo chujio. Hayo yameandikwa na kusomwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwenye kuendelea kuhubiri kwamba pasipo chupa hapana jani, ama hajasoma, ama amesoma na ana chupa za kuuza.

Tena kasi inayosifiwa ina gharama yake. Mmea ukuao upesi kwa hewa ya chupa hudai taa kali zaidi; taa kali hudai mbolea zaidi; mbolea ikizidi huleta utando wa mwani juu ya kila jani; na mwenye tangi hushika mkasi na ndoo kila juma, akawa mtumwa wa bustani aliyoinunua ili imburudishe. Umeme ukikatika siku mbili, jambo ambalo si geni, milki yote hiyo huyumba. Tangi la udongo halijui kwamba umeme umekatika.

Namna ya kuliunda si siri. Tangi la lita 50 au 60, lililogandishwa na fundi vioo wa mtaani, latosha. Na kwa majani matupu, bila samaki, hata chupa pana ya peremende yatosha. Udongo huchukuliwa shambani, ule wa juu, usiotiwa mbolea ya chumvichumvi wala samadi mbichi wala dawa ya wadudu. Huchekechwa ili mizizi na vijiti viondoke, ukatandazwa kwa unene wa sentimita 2 au 3. Juu yake hutandazwa mchanga wa chenga nene au changarawe ndogo iliyooshwa, kwa kadiri hiyo hiyo. Kuzidisha udongo ni kosa la wenye pupa: hukosa hewa ukavunda, na mwenye nyumba akanusa harufu ya yai bovu. Maji humiminwa taratibu juu ya sahani ili yasifukue. Ya bomba, kama yametiwa klorini, huachwa wazi ndooni siku moja au mbili. Ya mvua ni safi lakini ni matupu, hayana madini, na hufaa kuchanganywa na ya kisima. Watu wa pwani wana mazoea ya kupamba kwa mawe ya matumbawe na makombe; wajue kwamba vitu hivyo huyeyusha chokaa polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Vallisneria haitalalamika, kwa kuwa maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe ni ya tabia hiyo, lakini mimea kadhaa ya vijito vya misituni hudhoofika.

Hapa ndipo wengi wakosapo, kisha wakarudi dukani kununua mitambo kwa aibu ya kushindwa. Hupanda mashina mawili matatu, kama mtu aonjaye chumvi, wakatia samaki siku hiyo hiyo. Udongo mpya hutoa rutuba nyingi mwanzoni. Rutuba isiyoliwa na majani italiwa na mwani, na juma la pili tangi lote huwa kama mchuzi wa mchicha. Sharti majani yapandwe mengi siku ya kwanza, hata changarawe ikaribie kutoonekana, na yawemo yale yakuayo upesi na mengine yaeleayo juu. Samaki hungoja majuma matatu au zaidi. Dirisha liwe la mashariki, lipokee jua la asubuhi. Jua la alasiri la magharibi huyachemsha maji. Maji yakipungua kwa kukauka huongezwa. Baada ya hapo kazi kubwa ya mwenye tangi ni kujizuia asilishike.

Sasa majani yenyewe. Na hapa adui si muuza mitambo peke yake. Adui mwingine ni neno. Kiswahili kina jina zuri la ua lielealo juu ya maji: yungiyungi. Kina mafunjo, kina matete. Hayo yote ni majani yaonekanayo juu ya uso wa maji, au yenye manufaa ya kusukia na kuezekea. Lakini kila kiotacho chini ya uso wa maji, kiwe na jani la utepe au la unyoya, kiwe na mizizi au kisiwe nayo, watu wengi hukijumlisha katika neno moja: magugu. Gugu ni neno la mkulima, na shambani lina haki yake. Halielezi mmea; linauhukumu. Husema, huu umeota nisipoutaka. Ziwani hakuna shamba wala mkulima, na hukumu iliyotolewa katika mahindi haina nguvu huko. Mtu aliyezoea kuyaita magugu hataona sababu ya kuyatia nyumbani, naye ataona fahari kununua kwa fedha nyingi mmea wa Amerika ya Kusini wenye jina asiloweza kulitamka.

Na yatazamwe hayo yaitwayo magugu. Ceratophyllum, mmea usio na mizizi, wenye majani kama sindano laini zilizopangwa kwa duara, hupatikana kwa wingi katika Ziwa Viktoria na katika mabwawa mengi. Hukua upesi, hunyonya rutuba iliyozidi, na hufaa sana kwa majuma yale ya kwanza yenye hatari. Potamogeton schweinfurthii ni wa maziwa hayo hayo. Ottelia, yenye jani pana jepesi kama karatasi ya kufungia, huota katika mabwawa ya nchi nyingi za Afrika ya joto. Yungiyungi la samawati laweza kuwekwa likiwa changa, likikatwa majani yaeleayo ili libaki chini. Kwa mimea hii peke yake tangi limekamilika, na bado hakuna senti moja iliyotoka mfukoni.

Kisha kuna mimea ya magharibi na katikati ya bara, ambayo ndiyo iliyoshika masoko ya dunia. Anubias, iliyopewa jina hilo na mtaalamu wa mimea wa Vienna, Heinrich Schott, mwaka 1857, ni jamaa ya mayugwa. Jina ni la Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale, na husemwa kwamba lilichaguliwa kwa kuwa mmea huu hupenda kivuli. Kivuli hicho ndicho kinachoufanya ufae: hauhitaji taa kali, na ukiwekwa juani majani yake hupakwa mwani. Shina lake nene litambaalo lisifukiwe, maana litaoza. Lifungwe kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha gogo, na mizizi itajishikiza yenyewe. Vivyo hivyo Bolbitis heudelotii, jamii ya kangaga imeayo juu ya miamba ya vijito kutoka Afrika ya Magharibi hata Ethiopia. Huko Kameruni yupo pia Crinum calamistratum, mwenye kitunguu kama cha yungiyungi la bustani na majani yaliyojikunja kama utepe uliokaangwa. Mimea hii ni migumu, ni ya taratibu, haina haja ya chupa. Hata hivyo ile inayouzwa Nairobi au Dar es Salaam kwa kawaida haikutoka Kameruni. Anubias huzalishwa kwa wingi katika vitalu vya Asia ya Kusini Mashariki na Ulaya, kisha hurudishwa Afrika ndani ya kikombe cha plastiki, na kila mkono ulioshika kikombe umeongeza bei.

Lakini utetezi wa majani ya Afrika usigeuzwe kuwa wimbo wa kisiasa. Wapo wenye matangi waandikao juu ya kioo "Afrika", wakapanda ndani mmea wa Kameruni, wakatia samaki wa Ziwa Tanganyika, na pembeni kijiti cha Bonde la Naili, wakadhani wamelirudisha bara nyumbani. Bara hili si bwawa moja. Anubias kwa Ziwa Viktoria ni mgeni kama mmea wa Brazili ulivyo mgeni. Ukubwa wa jina la Afrika haumpunguzii ugeni wake. Mgeni akae tanganini kwa adabu, asitupwe mtoni. Ambaye hatofautishi mambo haya mawili hastahili kushika hata kikombe kimoja.

Hapo wapinzani huleta hoja yao iliyo bora, nayo ni ya gugumaji. Mmea huo ulionekana katika Ziwa Viktoria karibu na mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 ulifunga bandari, ukazuia mitumbwi, ukawapa mbu na konokono maskani. Je, si wazimu kuyahimiza majani ya majini katika nchi iliyoonja balaa hilo? Hoja hiyo ikitazamwa vizuri humgeukia aliyeileta. Gugumaji si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika nchi nyingi lilitangazwa na watu walioupenda uzuri wa ua lake, wakalipeleka bustanini. Balaa halikutoka katika majani ya nyumbani. Lilitoka katika tamaa ya jani la ugenini. Nao ulimwengu umelipwa kwa kipimo hicho hicho, maana Lagarosiphon major, jani la kusini mwa Afrika lililopelekwa Nyuzilandi kwa ajili ya matangi na vidimbwi, limesonga maziwa ya huko. Kwa hiyo sheria ni moja na haina msamaha: kilichotoka tanganini, jani, konokono, samaki au maji, kisirudi mtoni wala ziwani. Maji yamwagwe shambani. Majani yakaushwe juani kisha yafukiwe chini ya migomba.

Hoja ya kichocho ni nzito kuliko ya gugumaji, na muuza mitambo huipenda kwa kuwa inatisha. Ni kweli kwamba konokono wa mabwawa ndio waleao vijidudu vya ugonjwa huo, na kwamba mtu aingiaye majini kuchuma majani anaweza kuupata. Basi asiingie. Majani huvutwa kutoka ukingoni kwa upondo wenye ndoano, na mkono uvae glavu ya mpira. Yakifika nyumbani huoshwa, konokono na mayai yao wakaondolewa mmoja mmoja, kisha yakakaa ndooni juma zima kabla ya kupandwa, na atakayejitokeza katika siku hizo aondolewe pia. Vijidudu vimpenyavyo mtu ngozini haviishi majini kupita siku mbili tatu visipompata. Na konokono azaliwaye tanganini huzaliwa hana ugonjwa. Huupata tu pale mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa kiingiapo majini alimo, jambo ambalo haliwezi kutokea sebuleni kwa watu wastaarabu. Wanaoogopa jani la bwawa waliloshwa na kukaguliwa, huku watoto wao wakioga katika bwawa hilo hilo kila Jumamosi, hawajaogopa mahali pake. Ama mbu, jibu lake ni samaki wadogo wawili watatu, ambao viluwiluwi vya mbu kwao ni karamu.

Samaki gani, basi? Perege hafai: hula majani na kuufukua mchanga. Samaki wa dhahabu, mzaliwa wa Uchina, naye ni mfukuaji. Lakini Unguja ina samaki wake mdogo, Nothobranchius guentheri, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1893, mwenye mwili wa samawati na kijani na mkia mwekundu kama kaa la moto. Huishi katika vidimbwi vya msimu. Kidimbwi kikikauka wazazi hufa, na mayai hukaa matopeni yakingoja mvua. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamjua, wanampelekeana mayai yake kwa posta ndani ya udongo wenye unyevu, na wanamwita kwa jina. Ni watoto wangapi wa Unguja waliowahi kumwona, ambao vidimbwi vyake vinafukiwa ili kujengwa nyumba karibu na shule zao?

Swali hilo si la mapambo ya usemi. Ziwa Viktoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi waliodharauliwa sokoni. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafula, na pamoja na kuchafuka kwa maji, inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka. Wachache waliokolewa na wanasayansi, wakawekwa matangini ng'ambo, na baadhi yao wameendelea kuzaana huko mbali na ziwa lao. Mjukuu wa mvuvi wa Mwanza atakaye kumwona furu wa aina hizo aliyejaa katika nyavu za babu yake, atafute kwanza nauli ya ndege. Hili halikutokea kwa kukosa matangi Mwanza. Ingekuwa upumbavu kudai hivyo. Lakini samaki mamia wasio na majina midomoni mwa watu, wala picha katika vitabu vya shule, wala kioo cha kuwatazamia, walitoweka na wengi wa waliokaa kando ya maji yale hawakuweza kusema ni nani aliyeondoka. Chini ya majina mawili, furu na magugu, ulimwengu mzima ulifichwa.

Kwa sababu hiyo shabaha ya utetezi huu ni shule kabla ya sebule. Jaribio la usanidinuru linajulikana: jani la majini huwekwa katika chombo cha maji juani, likafunikwa kwa faneli, na juu ya faneli bilauri nyembamba iliyojaa maji, mapovu hupanda yakakusanyika, na kijiti chenye kaa kikiingizwa katika hewa hiyo huwaka tena, kwa kuwa ni oksijeni. Vitabu vilivyotungwa kwa desturi ya Kiingereza vimelitaja kwa jaribio hilo jani liitwalo Elodea. Elodea ni ya Amerika ya Kaskazini. Waingereza wenyewe iliwafikia katika karne ya 19, ikaziba mifereji yao. Waliitumia kwa kuwa ilikuwa karibu nao. Mwalimu wa Musoma au Kisumu asomaye jina hilo kitabuni huliagiza, halipati, akaandika katika daftari la vifaa kwamba jaribio halikufanyika. Na Ceratophyllum, itoayo mapovu mengi kiasi cha kuhesabika kwa macho, inaelea kando ya gati alilopita asubuhi.

Kinachotakiwa ni kidogo mno hata haya inaingia kukidai. Watungaji wa vitabu wafute jina moja waandike jingine, na chini yake waeleze kwa mistari kumi jinsi ya kulichuma jani hilo bila kuingia majini. Wakuu wa shule waruhusu tangi moja la lita 50 kwenye dirisha la mashariki, udongo wake utoke katika shamba la shule, na wanafunzi wa kidato cha kwanza walipande wenyewe mwezi wa Januari. Ifikapo Machi watakuwa na hesabu ya mapovu ya asubuhi na ya jioni iliyoandikwa kwa mkono wao. Na muuza chupa akipita, watakuwa na maswali ya kumwuliza.